Gofu la ngome ya Drachenfels (Ujerumani): nani hasa aliibomoa? Nimepewa majibu matatu siku moja

#1 Kitunda_Boy
Wakuu habari za Jumapili.

Nipo Bonn toka wiki iliyopita kwenye ile mikutano ya tabianchi ya kila Juni. Jana mchana hatukuwa na kikao, mwenyeji wetu akasema msikae hotelini kama mnadaiwa, nendeni Drachenfels. Unapanda tremu namba 66 unashuka Königswinter, kamji kadogo kando ya mto Rhine, ukiinua macho tu kilima hicho hapo. Urefu wake mita 321 toka usawa wa bahari, kwa mtu wa Kilimanjaro huo ni mzaha, ila kimechomoza ghafla pembeni ya mto kama kichuguu mpaka unakiheshimu.

Juu kabisa kuna gofu la ngome ya miaka ya 1100. Sasa nilitegemea magofu ya kawaida, kuta nne paa hakuna, kumbe kilichobaki ni kipande cha mnara kimesimama kwenye ncha ya mwamba, upande mmoja upo na madirisha yake na upande mwingine haupo kabisa, kama mtu kang'ata mkate akaondoka. Unachungulia dirishani kutoka upande wa nje unaona mawingu.

Nikauliza nani kafanya hivi. Dada wa mgahawa juu pale: Waswidi, vitani, 1634. Mzee mmoja mwenye mbwa akaruka, Waswidi wapi, ni Askofu wa Köln (Cologne) mwenye ngome yake mwenyewe. Nashuka nakutana na kijana mwanafunzi ananiambia wote waongo, ngome imeliwa na kanisa. Nikasema imeliwaje? Akacheka, treni ikaja, akaondoka zake.

Nani anaijua hii habari? Picha nne hapo chini.

#2 mpigadebe_ubungo
Siti ya dirishani. Endeleeni.

#3 Dada_wa_Koblenz
Karibu huku Rhine kaka. Kwanza nikusahihishe, picha yako ya pili na ya tatu siyo ngome. Hayo majumba yenye minara iliyochongoka katikati ya mlima yanaitwa Schloss Drachenburg, yamejengwa 1882 mpaka 1884. Ni ya juzi tu hapo, yana umri mmoja na reli ya kilima chenyewe, iliyofunguliwa 1883. Watu wengi wanaishia hapo wanapiga selfi wanarudi wanasema wameona ngome ya zama za kati. Aliyejenga ni Stephan von Sarter, mtoto wa mwenye baa, akatajirika kwenye hisa za mfereji wa Suez, na baada ya hela yote hiyo hakuwahi kuhamia, alikaa zake Paris.

Picha ya kwanza na ya nne ndiyo ngome yenyewe. Ilianzwa na Askofu Mkuu Arnold wa Kwanza wa Köln kama 1138 ikamalizika 1167 hivi. Kuhusu kubomolewa, mimi nilivyofundishwa ni Waswidi.

#4 Kitunda_Boy
Duh. Na hiyo ya tatu ndiyo nimeweka wosap status kwamba "miaka 900 iliyopita". Nafuta sasa hivi.

#5 otero254
😂😂 usifute, ongeza tu "na ukarabati kidogo".

Serious question lakini, askofu na ngome wapi na wapi? Huku kwetu askofu akijenga sana ni shule na zahanati.

#6 babu_wa_kitaa
Otero kijana wangu, askofu wa Köln wa enzi zile usimfikirie huyu wa kuvaa kanzu na kubariki harusi. Alikuwa mtawala kamili, ana ardhi, ana askari, anatoza ushuru wa mtoni, na ni mmoja wa wale wachache waliokuwa wanapiga kura kumchagua mfalme wa Wajerumani. Ngome ile aliiweka kulinda eneo lake upande wa kusini, adui akitokea juu ya mto aonekane mapema. Ukisimama pale juu siku ya mbingu safi unaona mto wote, unaona Bonn, na kwa mbali kabisa ile minara miwili ya kanisa kuu la Köln.

Mimi nimesoma Bonn miaka ya 80 ilipokuwa bado mji mkuu wa Ujerumani Magharibi. Nimepanda hicho kilima kwa miguu zaidi ya mara ishirini maana hela ya treni ilikuwa ni hela ya bia. Wakati wetu juu pale kulikuwa na jengo la zege baya sana, mgahawa, unafanana na stoo ya pamba. Bado lipo?

#7 Kitunda_Boy
Hapana mzee shikamoo, sasa hivi ni la vioo, lipo kama boksi.

#8 Dada_wa_Koblenz
Marahaba kwa niaba yake 😄 Lile la zege lilivunjwa 2011. Hakuna aliyelia.

#9 Mnyalu_Heidelberg
Naomba nipingane na dada #3 kwa heshima. Waswidi waliishika ngome kweli wakati wa ile Vita ya Miaka Thelathini (1618-1648), lakini hawakuibomoa wao. Ilirudi mikononi mwa upande wa askofu na 1634 huyohuyo Askofu Mkuu, Ferdinand, ndiye aliyeamuru ibomolewe. Hesabu yake rahisi tu: ngome ikikamatwa mara moja itakamatwa tena, na kuilinda ni gharama, kuliko adui aje alale humo bora pasiwe na kwa kulala. Ni sawa na mtu anayekata mwembe wake kwa sababu wezi wanaupanda kuingia uani.

Kwa hiyo mzee wa mbwa yuko sahihi.

#10 Dada_wa_Koblenz
Vitabu vya watalii vyenyewe vinagongana kaka, kuna vinavyosema Waswidi na vinavyosema Ferdinand. Mwaka tu ndio wanaokubaliana.

#11 BintiMalindi
Assalam aleikum. Mie nauliza la joka. Drachenfels si ndio Mwamba wa Joka? Hilo joka liko wapi katika hadithi zenu, au nalo limebomolewa na Askofu?

#12 otero254
Waaleikum salaam. Sasa uzi umeanza kunoga.

#13 Kitunda_Boy
Bi BintiMalindi, joka lipo. Njiani kuna jumba la kuba la 1913 linaitwa Nibelungenhalle, nyuma yake kuna joka la mawe limelala na pembeni wanafuga nyoka na jamii ya mamba. Maelezo yao ni kwamba shujaa Siegfried aliua joka hapa, akaoga damu yake mwili ukawa hauingii mkuki, ila jani la mti likamdondokea mgongoni, pale jani lilipokaa damu haikugusa, na hapo ndipo alipokuja kuchomwa. Na mvinyo mwekundu wa kwenye miteremko yao wanauita damu ya joka. Nimekunywa glasi moja, nipo salama.

#14 Mnyalu_Heidelberg
Siegfried wamembandika tu. Kwenye masimulizi ya kale yenyewe kilima hiki hakitajwi, nyumbani kwake Siegfried wanasema Xanten, mbali kule chini ya mto. Ni utalii wa karne ya 19 huo.

Ile hadithi ya watu wa pale hasa ni nyingine: wapagani walikamata msichana Mkristo wakamfunga kwenye mwamba awe kitoweo cha joka. Lilipotoka pangoni akalionyesha msalaba, likarudi kinyumenyume likaanguka mtoni.

#15 babu_wa_kitaa
Mimi mwenye nyumba wangu alikuwa na ya tatu. Joka lilikuwa linatema moto kwenye majahazi yanayopita Rhine. Siku hiyo likatemea jahazi lililobeba baruti. Kwisha habari yake.

#16 mpigadebe_ubungo
Joka enzi za baruti?? Mzee hapo mwenye nyumba alikuwa anakupiga story ulipe kodi.

#17 babu_wa_kitaa
Na kodi nililipa.

#18 Jiwe_Gumu
Nimesoma jiolojia, naomba nafasi. Mimi niliwahi kuambiwa na mtembeza wageni mmoja pale kwamba jina halina uhusiano na joka lolote, limetokana na aina ya jiwe, trakiti, "Trachyt" kwa Kijerumani, watu wakalitamka vibaya ikawa Drachen. Inaingia akilini kabisa, nikaibeba miaka mingi naisimulia. Siku nimekaa nikaitafuta, nikakuta neno trakiti limetungwa na wataalamu wa mawe mwanzoni mwa miaka ya 1800 kutoka Kigiriki, maana yake ni kitu chenye kukwaruza. Na mabwana wa ngome walishaitwa wa Drachenfels toka miaka mia sita nyuma yake. Mtoto hawezi kumzaa baba. Kwa hiyo joka linabaki, lilikotoka mtajua wenyewe.

Ila kwenye hilo jiwe ndiko kuna jibu la swali la #1. Kitunda_Boy, pale juu uligusa ukuta?

#19 Kitunda_Boy
Niligusa mkuu. Jiwe la kijivu lenye kukwaruza kweli, ndani yake kuna vipande vyeupe bapa kama vimepachikwa, vingine vinazidi ukucha wa dole gumba, jua likipiga vinang'aa. Nilidhani ni plasta ya zamani.

#20 Jiwe_Gumu
Siyo plasta. Ni fuwele, zinaitwa sanidini, na trakiti ya Drachenfels inajulikana kwa ukubwa wa fuwele zake. Kilima chote ni matokeo ya volkano ya zamani sana, uji wa moto ulipanda haukutoka juu, ukapoa taratibu chini kwa chini, fuwele zikapata muda wa kukua. Baadaye udongo laini wa juu ukaondoka, ukabaki huo mwamba.

Sasa ukifika Köln nenda kanisa kuu, zunguka upande wa zamani, weka uso karibu na ukuta. Utakuta vipande vyeupe vilevile.

#21 otero254
Wacha!!

#22 Jiwe_Gumu
Ndiyo. Kanisa lilianza kujengwa 1248, mawe yalichimbwa hapohapo chini ya ngome yakateremshwa mpaka mtoni, majahazi yakayapeleka Köln, na mto wenyewe unashuka kuelekea huko, ni kusukuma tu. Mpaka leo machimbo yale yanaitwa machimbo ya Dom, yaani ya kanisa kuu. Na wa kwanza kula faida ni mabwana wa ngome wenyewe, maana kilima ni chao. Fikiria mtu anakaa juu ya nyumba huku anauza msingi.

Kwa hiyo Waswidi au Ferdinand waliondoa mapaa na kuta za ulinzi, sawa. Lakini ule upande uliong'atwa ni mwamba wenyewe uliotolewa chini yake, mnara ukakosa pa kukanyaga. Yule mwanafunzi hakukudanganya.

#23 Mnyalu_Heidelberg
Hapo umeongea vizuri ila usilisingizie kanisa peke yake. Ule ujenzi ulisimama karne ya 16, kanisa likakaa nusu nusu miaka mia tatu. Mnara umeporomoka vibaya baadaye, si wakati wa 1248. 1827 wachonga mawe wa Königswinter walinunua kilele wakaanza kuchimba tena, kwa matumaini ya kuuza Köln, sehemu ya gofu ikaporomoka na polisi wakapiga stop. 1836 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala pale wakati huo, ikanunua kilele ili kumaliza ubishi. Wajerumani wanajivunia kwamba ni kati ya mara za kwanza kabisa serikali kununua mahali kwa ajili ya kupahifadhi tu.

Na ujenzi wa kanisa ulipoanza tena 1842 mpaka kukamilika 1880 ikabidi watafute mawe kwingine.

#24 Dada_wa_Koblenz
Na kama hamuamini machimbo yanaweza kula ngome, tazameni kilima cha jirani, Wolkenburg. Nacho kilikuwa na ngome ya maaskofu haohao. Leo hakuna ngome, na hakuna hata kilele ilipokuwa imesimama. Wamechimba mpaka kilima kimefupika.

#25 BintiMalindi
Subhanallah. Kilima kufupishwa. Mie nshaona mtu kufupishwa kanzu.

Huku kwetu magofu mengi ukiuliza mawe yako wapi, tazama nyumba za jirani. Marehemu bibi yangu jiko lake lilikuwa na mafiga matatu ya matumbawe yamechongwa pembe kabisa, na sie hatukuwa na fundi wa kuchonga. Hatukuwahi kumuuliza kayatoa wapi.

#26 mpigadebe_ubungo
Bibi ni mshitakiwa namba moja.

#27 Wa_Kilwa_Pande
Bi BintiMalindi kanikumbusha. Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani nayo ni jumba kubwa juu ya mwamba linaangalia bahari, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, miaka ya 1300 mwanzoni. Haikubomolewa na vita, watu walihama tu, mvua na mizizi ikafanya kazi. Kwa hiyo mimi naongeza mshitakiwa wa nne kwenye huu uzi: hali ya hewa. Mnasahau kwamba huko Ulaya maji yanaganda.

#28 Jiwe_Gumu
Umenena. Trakiti hiyohiyo ina udhaifu huo. Maji yanaingia pembeni ya zile fuwele kubwa, baridi ikija yanaganda yanatanuka, fuwele inabanduka inaacha shimo, mwakani shimo linashika maji mengi zaidi. Kwenye kanisa la Köln wanahangaika nayo mpaka leo. Pale kwenye ngome miaka ya 1970 ilibidi waufunge mwamba kwa zege na vyuma vya kuingia ndani, la sivyo kilele chote kingeshuka.

#29 Mnyalu_Heidelberg
Lakini baridi ipo Rhine yote na kuna magofu kibao yamesimama vizuri kuliko hili. Mimi nabaki na Ferdinand. Bila amri ya 1634 kungekuwa na mtu anakaa mle, na mtu akikaa ndani ya nyumba haruhusu uchimbe chini yake.

#30 Jiwe_Gumu
Walikaa ndani na wakachimba mkuu, soma #22. Mimi nabaki na nyundo.

#31 Dada_wa_Koblenz
Mimi sasa sijui nabaki na nani. Waswidi wangu mmewaua.

#32 otero254
Tuache waliokufa. Budget inakuaje? Niko na ndugu Düsseldorf nataka kumtembelea August. Na hiyo treni ni salama? Kilima kama hicho.

#33 Kitunda_Boy
Treni ni kareli kadogo, katikati ya reli kuna meno na chini ya behewa kuna gurudumu la meno, vinang'atana, magurudumu hayatelezi. Safari ni kama kilomita moja na nusu. Kosa nililofanya, nilinunua ya kwenda tu nikajifanya nitashuka kwa miguu niko fiti. Njia imesakafiwa, inateremka bila huruma, viatu vyangu vya mkutano vile vya soli ya ngozi. Nilishuka kwa kisigino kama bata. Kuna bibi wa miaka sabini hivi na fimbo mbili akanipita, akageuka akanipa moja ya fimbo zake, bila neno. Nikamrudishia chini kwenye stesheni, akaipokea akaendelea.

#34 babu_wa_kitaa
Hiyo njia wanaita Njia ya Punda. Kabla ya reli wageni walipandishwa na punda, na hata enzi zetu watoto walikuwa wanapandishwa punda wikendi. Reli ile ni kongwe kuliko zote za meno zinazofanya kazi Ujerumani. Usalama: ni ya umeme sasa. 1958 treni ya mvuke iliacha njia ikiwa inashuka, wakafa watu zaidi ya kumi, wazee wa mji walikuwa bado wanasimulia nilipofika.

#35 otero254
Asante mzee. Nitapanda na miguu basi. Juu na chini.

#36 Mnyalu_Heidelberg
Otero, ukifika utasikia Kiholanzi kila kona. Wajerumani wanakitania Drachenfels kwamba ndio mlima mrefu kuliko yote Uholanzi, kwa jinsi Waholanzi wanavyojaa. Ila Waholanzi wana wao, Vaalserberg, mita 322 na kidogo.

#37 mpigadebe_ubungo
Yaani wamewazidi mita moja na bado wanakuja kupanda huo mfupi? 😂 Hao ni sisi na Kenya kwenye mambo ya Kilimanjaro.

#38 otero254
Hiyo topic usianze. Kwanza from Kenya side inaonekana vizuri zaidi.

#39 Wa_Kilwa_Pande
Mods fungeni uzi.

#40 BintiMalindi
Msifunge bado, nna suali. Kwenye picha ya nne naona kilima kingine kina jumba jeupe kubwa juu, na kwenye ya kwanza mtoni kisiwa. Ni nini?

#41 babu_wa_kitaa
Jumba ni hoteli ya Petersberg. Baada ya vita kuu ya pili makamishna wa Marekani, Uingereza na Ufaransa walikaa mle 1949 wanaisimamia Ujerumani kutoka juu, na 2001 makubaliano ya Afghanistan yalisainiwa hapohapo. Maskini sisi wanafunzi tulikuwa tunaishia getini. Kisiwa ni Nonnenwerth, enzi zetu kilikuwa cha watawa. Eneo lote linaitwa Siebengebirge, Milima Saba, lakini ukihesabu vilima vinapita arobaini.

#42 mpigadebe_ubungo
Saba au arobaini sasa?

#43 Dada_wa_Koblenz
Usimchokoze, ni mjadala mwingine huo. Kuna wanaosema ni saba wanaoonekana ukitokea upande wa Köln, kuna wanaosema siyo saba kabisa, ni neno la zamani la mabonde yenye maji, Siefen, likafanana na sieben, yaani saba.

#44 mpigadebe_ubungo
Hawa watu joka lina asili tatu, ngome ina wabomoaji wanne, na kuhesabu mpaka saba hawakubaliani. Na ndio wanatuuzia mashine.

#45 Kitunda_Boy
Wakuu nimekuza ile picha ya nne kwenye laptop. Chini ya mnara, kushoto kwa yule jamaa wa jaketi jekundu, kwenye mwamba kuna matundu yamepangwa mstari mmoja, kama manne au matano. Hayo si ndiyo matundu ya kabari za wachonga mawe? Warumi nasikia nao walichimba hapa kabla ya askofu yeyote. Kama ni ya Warumi basi kuna mshitakiwa wa tano.

#46 Jiwe_Gumu
Warumi kweli walichimba, lakini alama zao zinaonekana zaidi chini karibu na mto. Hebu ipandishe hiyo picha kubwa, hii ina ukungu.

#47 Mnyalu_Heidelberg
Mimi naona ni matundu ya vyuma vya miaka ya 1970. Tena la tatu lina kutu.

#48 Kitunda_Boy
Ile siyo kutu, ni jaketi la jamaa. Ngojeni kesho jioni nina masaa mawili kabla ya kikao cha mwisho, narudi na viatu vya maana.